Nesi Alimuuliza Mke Mwenzangu, Tukajibu Sote

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni kitako na simu mziweke chini. Sina maneno ya kupamba. Kusoma kwangu ni chuoni kwa mwalimu wa Kurani na ngumbaru ya jioni, tena ngumbaru yenyewe niliiacha nilipoweza kuandika barua bila kumtuma mtu, maana sikuona haja ya zaidi. Ninayoandika ni yale niliyoyaona ndani ya nyumba yangu hapa Bagamoyo. Nanyi mnaooa na mnaoolewa yanawahusu kuliko mnavyodhani.

Mjukuu wangu wa kiume alioa binti wa Lugoba. Mjukuu huyo namwita mume wangu tangu yu mchanga, kama tufanyavyo mabibi, kwa hiyo mkewe alipoingia nyumbani akawa mke mwenzangu. Nikimkuta jikoni namuuliza, "Leo umempikia nini mume wetu?" Naye ananijibu, "Jana ilikuwa zamu yako bibi, hukumpikia kitu, leo waniuliza mimi?" Ana mdomo yule binti. Lakini mdomo wake ni wa utani tu. Likija jambo linalomhusu mwenyewe anainamisha kichwa na kungoja wakubwa waseme. Ndivyo walivyomlea kwao, nasi huku tukamsifu, tukatangaza mtaa mzima kwamba tumepata mke mwenye adabu. Adabu hiyo nusura itutie msibani.

Mume wetu mwenyewe anaziba pancha za malori kule Msata, nyumbani anakuja siku moja moja. Tunaobaki ni mimi, na mwanangu, ambaye ndiye baba wa huyo mume, na mke wa mwanangu, yaani mkamwana wangu, na mke mwenzangu na tumbo lake. Mwanangu alikuwa mlinzi wa ghala, sasa amestaafu na analinda redio. Mkamwana ni mwanamke msafi, mchapakazi, sina neno naye. Ana ugonjwa mmoja tu: hawezi kusikia mtu mwingine anaulizwa jambo akakaa kimya. Ukimuuliza muuza samaki bei, yeye atakujibu.

Mimba ilipokuwa imeshakuwa kubwa, binti akakosa kliniki. Siku hiyo kulikuwa na harusi ya jamaa zetu Mbegani, na mkamwana hakukubali kwenda bila mke wa mwanawe, watu wamuone na tumbo. Alisema kliniki ipo kila mwezi, bibi harusi hangoji. Wakaenda, wakala biriani, wakarudi. Baada ya hapo akapiga simu nesi mmoja wa kituo cha afya, wale wanaozunguka majumbani, akasema mama mjamzito hakuonekana, kwa hiyo yeye atakuja kututembelea, amtazame, na aitathmini familia nzima inavyoishi.

Hapo ndipo nyumba ilipopinduka. Mkamwana akaona tunakuja kukaguliwa. "Mama," akaniambia, "huyu nesi akiona vibaya, maneno yatafika Lugoba kwamba mtoto wao tumemweka pabaya. Nitauweka wapi uso wangu?"

Basi ikapambwa nyumba kama tunangoja barua ya posa. Likaazimwa pazia la jirani, lile la dhahabu. Likaja zulia lake, vikaja vikombe vyake vyenye maua. Chandarua chetu kilikuwa uani kimefunika mchicha kuku wasiudonoe. Kikavuliwa, kikakung'utwa, kikatundikwa juu ya kitanda cha binti, na jani la mchicha likining'inia pembeni. Nje ya choo mwanangu akafunga kidumu cha maji chenye kamba ya kukanyaga, kile wanachotufundisha cha kunawia mikono, na pembeni yake sabuni, nayo imo ndani ya karatasi yake.

Nikauliza, "Watu watanawa na karatasi?"

"Usiiguse, mama," mkamwana akasema. "Ikilowa itaonekana imetumika."

Sikuigusa. Nilimuuliza tu kama nesi anakuja kupima mimba au anakuja kuoa.

Binti naye akapambwa. Dera jipya, mtandio, na soksi nyeusi ndefu za kufika magotini, na joto lile la kabla ya masika. Nikauliza soksi za nini. Mkamwana akasema, "Stara, mama." Nikamtazama mke mwenzangu. Kichwani, ndani ya mtandio, alikuwa amejifunga kanga, imekazwa mpaka nyusi zimepanda.

"Hujambo?" nikamuuliza.

"Sijambo, bibi."

"Kichwa umekifungia nini?"

"Jasho tu, bibi."

Ndivyo tulivyo sisi watu wa huku. Salamu zetu ni ndefu na majibu yake yote ni mazuri. Mtu ametoka kuzika, udongo bado uko kwenye kanzu, ukimuuliza habari anakwambia njema. Nanyi msinicheke, maana nyinyi ndio wabaya zaidi. Mtu ana homa anatetemeka kama kuku wa mvua, ukimuuliza anakwambia poa, anakwambia freshi.

Nesi alifika jua limeshakuwa kali, kwa miguu, mkoba begani. Msichana mwembamba, wa bara nadhani, lakini shikamoo yake aliitoa kwa utulivu na akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Tukamkalisha chumbani kwa binti, kwenye zulia la watu, akapewa chai kwenye kikombe cha watu. Mwenye kikombe naye alikuwepo. Jirani yetu alikuja asubuhi ile kusaidia, kwa maneno yake, lakini macho hayakutoka kwenye vyombo vyake.

Nesi akamgeukia binti. "Haya mama, hali yako?"

"Hajambo, alhamdulillahi," akajibu mkamwana.

"Unalala vizuri usiku?"

"Analala mpaka tunamwamsha."

"Chakula je, unakula nini?"

"Samaki," mkamwana akaanza kuhesabu kwa vidole, "mboga za majani, matunda, maziwa, mayai."

Mayai. Nikageuka kumtazama vizuri. Ni yeye huyo huyo aliyempiga binti marufuku ya mayai tangu mimba changa, eti mtoto atazaliwa na upara. Nimemwambia mara nyingi: mimba ya mumewe mimi sikuonja yai hata moja, na kichwa cha mumewe anakiona kila siku kinavyong'aa. Hasikii.

"Na mtoto anacheza tumboni?" nesi akauliza.

"Anacheza sana huyo," akasema jirani.

Nesi akamtazama. "Samahani, wewe ni nani yake?"

"Mimi jirani. Pazia hili ni langu. Polepole na kikombe hicho, mwanangu, ni cha seti."

Mkamwana akakohoa. Nesi akaiinamia karatasi yake, na nadhani alikuwa anaficha kicheko. Kisha akauliza swali ambalo sitalisahau. Alisema, "Katika kaya hii, ikitokea dharura, nani mwenye uamuzi?"

Mwanangu akazima redio. Redio ile haizimi hata wakati wa kula. "Mimi ndiye mkuu wa kaya," akasema, sauti ameitoa tumboni.

"Ni yeye," mkamwana akadakia, "ila mambo ya uzazi yapo chini yangu."

"Msimsahau mume," jirani akasema. "Mwenye mke ndiye mwenye kauli."

Nami sikutaka kuachwa nyuma. Nikasema nyumba ni yangu.

Nesi akatutazama mmoja mmoja. "Na mama mjamzito mwenyewe?"

Tukacheka. Mwanangu alicheka mpaka akajifuta macho. Na binti mwenyewe akacheka, mkono mdomoni, kwa ile adabu yake.

Kisha nesi akatoa kichupa mkobani, akasema anaomba mkojo kidogo wa mama, aupime. Mkamwana akanyoosha mkono akakipokea. "Lete nitoe mimi," akasema. "Mwenzio amechoka, tangu alfajiri yuko juu ya miguu."

Wallahi ndivyo alivyosema. Kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu anayempokea mwenzake ndoo ya maji.

Nesi akakichukua tena kichupa. "Mama, nataka wa kwake."

"Si tunakula chungu kimoja?"

Hapo nesi akaweka kalamu chini. Uso wake ulikuwa hauchekeshi tena. Akasema, kwa heshima lakini kwa mkazo, kwamba anaomba abaki na binti chumbani, wawili tu.

"Huyu mbele yetu hana siri," mkamwana akasema.

"Sijasema ana siri, mama. Nataka niisikie sauti yake. Tangu nimeingia sijaisikia."

Mwanangu akaanza kueleza kwamba kwa desturi yetu mgeni hawatoi wenyeji chumbani. Nikamwambia atoke. Wakatoka, nami nikatoka nyuma yao, nikakaa ukumbini. Lakini nyumba zetu hizi za zamani kuta hazifiki juu, ukipiga chafya chumbani ukumbini wanakwambia afya. Tulisikia yote, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyeweza kujibu.

"Hujambo?" nesi akauliza.

"Sijambo."

"Haya, basi hali sikuulizi tena. Hizi soksi kakuvalisha nani?"

"Mama."

"Kwa nini?"

"Ndara haziniingii. Mama anasema ukiiona miguu utafikiri nasimamishwa jikoni kutwa."

Mkamwana pale ukumbini akaanza kukunjakunja ncha ya kanga yake.

"Vua. Na kichwa je?"

"Kinauma. Siku zote hizi kinauma. Na machoni naona vimulimuli. Leo nilimimina chai nje ya kikombe cha watu."

"Ulimwambia nani?"

"Waliniuliza hujambo," mke mwenzangu akasema, "nikasema sijambo."

Niliinuka nikaingia, sikubisha hodi. Binti amekaa kitandani, soksi moja imevuliwa, nyingine bado. Mguu ule ulikuwa umevimba mpaka kifundo hakionekani, na pale nesi alipobonyeza kwa kidole pamebaki shimo, kama ubonyezavyo unga wa maandazi. Shimo halikurudi. Mkononi amefungwa kile kipimo cha presha, na nesi anapima mara ya pili, kama mtu asiyetaka kuamini. Mkojo nao alishautoa, wa kwake. Nesi akachovya kijiti cha kupimia, akakitazama, akaanza kufunga mkoba.

Akawatokea wenzangu ukumbini. "Presha imepanda sana, na mkojo si mzuri. Hii ni hatari ya kifafa cha mimba. Kikimpata hapa nyumbani anaweza kuondoka yeye na mtoto. Anatakiwa hospitali sasa hivi. Si jioni, wala si kesho."

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Wenye uamuzi wote walikuwa wamekaa pale pale ukumbini, bado hata chai yao haijapoa.

Mwanangu akasema, "Jambo hili ni la mume wake. Tumpigie." Akapiga. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mume wetu alikuwa chini ya lori la watu Msata, simu iko kwenye koti, koti liko msumarini.

Mkamwana akasema binti hawezi kutoka vile, aoge kwanza, na mfuko wa vifaa vya kujifungulia haujakamilika, kanga za kumpokelea mtoto hazijafuliwa, na wazazi wake Lugoba lazima waambiwe kabla hajatoka, wasije wakasikia pembeni.

Jirani akasema apewe maji ya ndimu.

"Tukae tuzungumze," mwanangu akasema. "Tusikurupuke."

"Baba," nesi akamwambia, "uliniambia wewe ndiye mkuu wa kaya."

"Ndiyo. Mkuu kwa ujumla. Lakini haya ni ya kina mama."

"Mama, ulisema uzazi uko chini yako."

"Mimi ni mama mkwe tu, mwanangu. Likitokea la kutokea, nitawaambia nini watu wa Lugoba?"

Nesi akamtafuta jirani. Jirani alikuwa juu ya kigoda, analiteremsha pazia lake.

Na katikati ya mjadala ule ikatoka sauti chumbani, ndogo, wala haikuulizwa. "Bibi," mke mwenzangu akasema. "Sikuoni vizuri."

Nilikuwa nimesimama mlangoni pake, hatua mbili tu kutoka kitandani.

Nikamwambia mwanangu atoke akasimame barabarani akamate bajaji.

"Lakini mama, mumewe hajatoa ruhusa."

"Mume ni wetu sote wawili," nikamwambia. "Nimetoa ruhusa mimi, mke mkubwa. Nenda."

Akaenda. Tena alikimbia, jambo ambalo sijaliona tangu alipokuwa mdogo. Nesi akamshika binti upande mmoja, mimi upande wa pili. Tulipofika mlangoni mkamwana akatukimbilia na ile soksi mkononi, machozi yanamtoka, maana maskini hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameogopa tu na kwake hofu inatokea mikononi.

"Mama, mguu mmoja soksi, mwingine wazi. Watu watasemaje?"

"Watasema ana miguu miwili," nikamjibu. "Panda bajaji."

Hospitali walimpokea mbio mbio. Walimchoma sindano, wakamwekea maji, wakamzungushia pazia. Daktari akaja akamuuliza binti kichwa kinauma upande gani. Nikamuona mkamwana anafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu, nikauacha wangu juu ya wake mpaka daktari alipomaliza. Binti akajibu kidogo kidogo, kwa sauti ya kuvuta, lakini alijibu mwenyewe, upande wa mbele, juu ya macho.

Walimpasua siku ile ile. Sisi tukakaa kwenye benchi. Sitaieleza benchi ile. Ni benchi tu ya mbao, lakini nilikaa juu yake nikawaza kwamba mtoto wa watu alikuwa anapofuka polepole ndani ya nyumba yangu huku tukimmiminia salamu, na yeye anazirudisha moja baada ya moja, nzuri, nzuri, nzuri.

Akatoka mtoto wa kike, mdogo, ana kelele kama mnada. Mama yake ikabidi abaki kwanza, presha haikutaka kushuka, lakini ilishuka. Mtoto alikuwa na nywele tele mpaka usoni. Mkamwana alipomuona akanigeukia na kusema, "Umeona, mama? Ndiyo faida ya kutokula mayai." Nikajua tumerudi salama.

Mume wetu alifika na lori la mzigo, mikono imejaa grisi, wakamzuia mlangoni mpaka anawe. Alikuja kwangu amekasirika. "Bibi, nampigia simu kila siku, namuuliza hali, ananiambia hajambo. Kwa nini anifiche?"

Nikamtazama mkono. Kidole kimoja kilikuwa kimefungwa kitambaa, kimevimba kama kitumbua. "Hicho nini?"

"Rimu ilinibana. Siku nyingi sasa."

"Na wewe mkeo akikuuliza habari za Msata, unamwambia nini?"

Akakaa chini. Nesi wa pale wodini akakiona kidole, akamtuma akaoshwe kidonda.

Waliporuhusiwa tukarudi nyumbani. Mume wetu akaomba siku chache kazini, kidole kimefungwa upya. Pazia lilikuwa limesharudi kwao, na zulia, na vikombe, kimoja kikiwa na ufa ambao mpaka leo tunasikia habari zake. Chandarua kimebaki kitandani, kimefuliwa. Mchicha umeliwa na kuku, na waule. Sabuni imetolewa kwenye karatasi na imeshakuwa nyembamba.

Kisha nesi akaja tena kumwangalia mzazi na mtoto. Safari hii hakupiga simu. Alitukuta tulivyo: nepi zimeanikwa mpaka dirishani, mwanangu na redio yake, mkamwana anakaanga vitumbua, mume wetu anambembeleza mwanawe kwa wimbo asioujua. Nesi akakaa kwenye mkeka wetu wenye tundu, akanywa chai kwenye kikombe cha bati. Nilimwona amekaa vizuri kuliko siku ile ya zulia. Akamgeukia mke mwenzangu.

"Haya mama, unaendeleaje?"

Binti akainamisha kichwa. Na kutoka jikoni, juu ya mlio wa mafuta, nikasikia, "Hajambo huyo, alhamdu..."

Nikapiga bakora chini. Mwanangu akazima redio bila kuambiwa. Mkamwana akaja mlangoni, kijiko mkononi.

"Nisikilizeni, na sirudii," nikasema. "Katika nyumba hii, ukiulizwa mwili, anajibu mwenye mwili. Wewe, mama mkwe, ukitaka kujibu habari za mimba, beba yako. Wewe, mwanangu, ukuu wa kaya ni kwenda barabarani kuita bajaji; mengine utayauliza ukiwa umeshapanda. Mume wetu, ukiwa Msata ukiulizwa hali, anza na kidole. Na wewe, mke mwenzangu, hiyo sijambo yako wape wapita njia. Humu ndani utaanza na kichwa, ushuke mpaka miguuni, utaje kila panapouma, na wa kwanza kukusikia ndiye atakayekupeleka, hangoji mtu. Haya, mjibu nesi. Sisi tunanyamaza."